Baiskeli ya Babu Yako Ipo Nyuma ya Jiko

Korogwe, Jumapili usiku

Mpwa wangu mpendwa,

Mkaza mjomba wako anakusalimu, magoti yake yamemwachia kidogo tangu mvua ilipopungua.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mwezi huu wa Desemba unakwenda Lushoto kwa bibi, utakodi bodaboda siku moja "umalize kila kitu", kisha ugeuze Dar. Nilicheka hadi mwenzangu akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Mwanangu, ukiwa juu ya bodaboda kwenye milima ile utakachoona ni mgongo wa dereva. Ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi. Kwenye simu ungesoma mistari miwili ukanijibu kidole gumba.

Anza na gulio. Lushoto gulio ni Alhamisi na Jumapili, nawe utakuwa umefikia kwa bibi, kwa hiyo huna haja ya kulitafuta: amka kabla ya kupambazuka, subiri kinamama wapite na matenga yao kichwani, uwafuate. Hawafuati barabara. Wanakata katikati ya migomba na mibuni, wanavuka kijito juu ya gogo, wanashuka mahali ambapo wewe utashika majani kwa mikono miwili. Usione haya. Omba kubeba kitu, hata kikapu kidogo, maana mtu wa mikono mitupu njiani hana la kuzungumza na wenzake.

Sokoni usikimbilie kununua. Sikiliza kwanza. Wakiwa wenyewe kwa wenyewe ni Kisambaa. Dalali wa Dar akisogea, bei inageuka Kiswahili, na mara nyingine inapanda palepale. Utaona karoti, hoho, pichi, plamu, na viazi na kabichi kutoka upande wa Lukozi. Hizo nyanya unazonunua Kariakoo ukizilalamikia ubovu, hapo ndipo utajua zilipigwa mara ngapi kabla hazijakufikia: kichwani, kwenye pikipiki, kwenye Fuso, halafu kona zote za kushuka Mombo. Mji wenyewe ni mdogo, utauzunguka kabla chai haijapoa. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakajenga wakaukalia kwa sababu ya baridi yake. Uko kama mita 1,400 juu ya bahari, basi sweta usisahau.

Kutoka mjini nenda Irente kwa miguu. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, ukisalimia watu iwe mbili, na utasalimia. Njia ni ya kawaida tu, mashamba na miti, mpaka ghafla ardhi inaisha. Chini yako ni kama kilomita nzima ya hewa, kisha nyika, mistari ya mkonge, na Mazinde. Watu hupiga picha wakaondoka. Wewe keti.

Keti ufikirie habari ya Semboja. Baba yake, Kimweri ye Nyumbai, alitawala Usambaa kutoka Vuga, juu mlimani, kwenye mvua na migomba. Mtoto akaenda kukaa Mazinde, kule chini kwenye vumbi. Kwa nini? Ukiwa pale ukingoni jibu unaliona kwa macho: misafara ya biashara ilipita nyikani, haikupanda milima. Aliyekaa njiani alipata nguo, baruti na bunduki. Aliyekaa juu alibaki na heshima ya ufalme. Mzee alipofariki, bunduki zilishinda heshima, Vuga ikachomwa moto. Haya nilisomeshwa darasani nikayasahau, nikayaelewa siku moja nikiwa nimechoka, nimekaa kwenye jiwe, nakula pichi.

Sasa baiskeli. Ya babu yako ipo nyuma ya jiko la bibi, imefunikwa viroba. Ipeleke kwa fundi kabla hujaipanda, na umwambie jambo moja: raba za breki. Nikiwa na umri wa miaka 17 babu alinipa hela za kubadilisha raba hizo, nikazila mishikaki. Kesho yake nikaitoa Lushoto kwenda Soni. Barabara ile inashuka na mto, kona baada ya kona, na nilijiona ndege. Kwenye kona ya nne au ya tano nikabana breki, chuma kikalia juu ya rimu, baiskeli haikujali. Niliishia katikati ya kabichi za bibi mmoja. Hakuniuliza kama nimeumia. Alihesabu kabichi, 11, akanionyesha lundo la samadi na bonde la kulipeleka. Siku mbili.

Kwa hiyo panda ukisukuma, shuka ukibana, na penye tope shuka kabisa. Udongo ule mwekundu ukilowa unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma. Tembea na kijiti cha kukwangulia. Fika Soni, tazama maporomoko, kunywa chai. Ukiwa na nguvu endelea hadi Vuga. Usitarajie ngome. Ni kijiji, na ndiyo sababu nataka ukione. Kabla hujaenda mwombe mwalimu wa jirani kitabu cha *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi. Ndani yake utamkuta Mbega, mwindaji wa nguruwe aliyefukuzwa kwao Ungulu, akaingia milimani kwa miguu, akagawa nyama, akaua simba, akafanywa mfalme. Mgeni aliyefika na kitu cha kuwapa watu. Msitu wa Magamba nao una mbega, ila hao ni kima weusi wenye mabega meupe, hawakupi chochote.

Jambo la mwisho, na hili usilipite kwa kasi. Kwenye miteremko utaona matuta yaliyokingama. Mengine ni ya juzi, watu wameyalima kwa hiari yao. Lakini muulize bibi kuhusu matuta ya Mwingereza. Waingereza walianzia bonde la Mlalo mwaka 1946, wakayasambaza kwa amri: kila mwenye shamba alime, asiyelima afikishwe barazani. Udongo kweli ulikuwa unakwenda na maji, hilo hakuna aliyebisha. Kilichochukiza ni kupangiwa jembe lako na mtu asiyelishika. Watu waligoma, wakagoma tena, na mpango ukafa kabla ya Uhuru. Bibi alikuwa msichana mdogo. Akianza kueleza, zima simu, maana harudii.

Ufunguo wa kufuli ya baiskeli uko kwenye kopo la chumvi la zamani, lile lenye kutu. Pampu sina hakika kama panya wameacha mpira wake. Na ukirudi, pitia Korogwe uniletee plamu, lakini chagua zilizo ngumu ngumu. Zilizoiva hazivuki Mombo.

Mjomba wako