Logi na deni linalozaa

Leo tuiache tarakilishi kidogo, tushike kalamu na karatasi. Nikitaja logi, wengi hukumbuka jedwali la hisabati la shule ya upili na kuguna. Lakini kanuni zenyewe ni tatu tu:

logi (a × b) = logi a + logi b
logi (a ÷ b) = logi a − logi b
logi (aⁿ) = n × logi a

Ninayoipenda ni ya tatu. Usichokijua kikiwa juu kama kipeo, huwezi kukifikia kwa kujumlisha wala kugawanya. Logi hukishusha chini, kisha unabaki na hesabu ya kawaida.

Mwaka jana shangazi yangu alitaka kukopa shilingi 10,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, alipe zote baada ya miezi 8 akishauza mahindi. Riba ni 10% kwa mwezi, na isiyolipwa huongezwa kwenye deni. Alidhani deni litafika 20,000 baada ya miezi 10, maana kumi mara kumi ni mia. Nikamwandikia:

10,000 × 1.1ⁿ = 20,000

Tukitia logi pande zote mbili:

logi 10,000 + n × logi 1.1 = logi 20,000
4 + 0.0414n = 4.3010
n = 0.3010 ÷ 0.0414 = 7.27

Yaani mwezi wa 8 deni limeshapita maradufu. Tuhakikishe: baada ya miezi 7 ni 19,487, baada ya 8 ni 21,436. Yeye alikuwa ametenga 18,000.

Shangazi aliitazama karatasi, akanyamaza, kisha akasema, "Basi mwanangu, nitauza mbuzi."

Angalieni pia kwamba 10,000 haina uzito hapa. Ukikopa 500 au milioni, logi 2 ÷ logi 1.1 haibadiliki. Kinachoamua muda ni riba.

Kwa waandishi wa programu, hamhitaji kuzungusha msimbo mwezi baada ya mwezi. Katika Java mstari mmoja unatosha:

Math.ceil(Math.log(2) / Math.log(1.1))

Math.log hutumia kizio e, si 10, lakini jibu ni lile lile 8, kwa sababu tunagawanya logi kwa logi ya kizio hicho hicho.

Haya, zamu yenu: riba ikiwa 20% kwa mwezi, deni litapita maradufu mwezi wa ngapi? Ukipata wa 4, umeelewa. Tuonane wakati mwingine.