Miiba Kwanza, Jina Baadaye

Aghalabu mwanafunzi wa lugha hudhani kwamba kukijua kitu ni kulijua jina lake. Dhana hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe hudhihirika mara tu mtu aingiapo mwituni.

Mathalani, binti mmoja wa Bofu, Likoni, msomi wa Kiswahili, alifuatana na nyanya yake kutafuta kuni katika msitu mdogo upande wa Kwale. Huko alikiona kichaka kisichomfika kiunoni. Nyasi zilikuwa zimeanza kukauka, lakini majani yake yalikuwa mabichi, magumu, yenye kung'aa, yamepangika mawilimawili yakitazamana. Alipokwanyua jani moja, utomvu mweupe kama maziwa ulimchuruzika kidoleni. Matunda madogo yaliyoiva yalikuwa ya zambarau iliyokaribia weusi.

"Nyanya, mti huu waitwaje?"

"Mjukuu wangu, tafuta miiba kwanza. Jina baadaye."

Binti alipapasa tawi, akachomwa. Hapo ndipo bibi yule alipoteremsha sauti, akatazama kando na kulitamka jina: mtandamboo. Matamshi yake huwatia haya wazee mbele ya wajukuu, na huenda ndiyo sababu vijana wengi hawajawahi kulisikia.

Agizo la bibi lilibeba elimu kubwa. Mtandamboo, ambao wanabotania huuita Carissa spinarum, una matunda matamu yaliwayo. Wakikuyu huuita mukawa, Wajaluo ochuoga na Wamaasai olamuriaki. Lakini una ndugu wa jamaa moja, msunguti, yaani Acokanthera schimperi. Huo nao haupukutishi majani. Nao una utomvu mweupe, maua meupe yenye wekundu kidogo na harufu nzuri, na matunda yanayotoka wekundu kuingia zambarau. Kufanana huko kuliwafanya hata wataalamu wa karne ya 19 kuuweka kwanza katika jenasi ya Carissa. Tofauti iliyo wazi ni kwamba mtandamboo una miiba iliyonyooka, ilhali msunguti hauna hata mmoja.

Tofauti hiyo si ndogo. Msunguti ndio uliowapa wawindaji wa Kigiriama na Kiwaata sumu ya mishale, sumu iushikayo moyo. Kigiriama huiita utsungu, na kwa kuwa ts ya lugha za Kimijikenda mara nyingi hulingana na ch ya Kiswahili, msomaji atalitambua mara moja neno uchungu. Wasomali nao waliita sumu ya aina hiyo waabaayo. Neno hilo lilifika Ufaransa, ambako mwaka 1888 mkemia Arnaud aliitenga sumu yenyewe, ikaitwa uabaini.

Basi lugha imehifadhi mengi kuhusu mimea hii miwili. Kilicho hatarini ni alama za kuitambulia. Kamusi zetu mara nyingi hutosheka kueleza mmea kwa maneno "aina ya mti". Fasili kama hiyo haimsaidii mtoto aliyenyoosha mkono kuchuma tunda. Aidha, bibi wanaozijua alama hizo wanapungua, na vichaka vya Likoni vinageuka viwanja vya nyumba.

Mwanafunzi wa Kiswahili aendaye kukusanya msamiati wa mimea na aandike pamoja na jina: jani, utomvu, ua, tunda na mwiba. Asipoviandika, atakuwa ameokoa neno akaiacha maana yake mwituni.