Umekula wali?

Je, umewahi kumnyima mtu chakula ilhali sahani yake imejaa? Mimi nimewahi, na niliyemtendea hivyo ni mdogo wangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja.

Kijana huyu alisomea Korea Kusini kwa miaka minne. Siku ya kuondoka, ukoo mzima ulimsindikiza hadi uwanja wa ndege kwa nyimbo na maombi. Aliporudi na shahada yake, kazi haikupatikana, naye akaja kukaa kwangu hapa Nairobi huku akitafuta. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha. Wa pili nikaanza kuhesabu vipande vya mkate. Wa tatu, jioni moja alichelewa, akauliza kama kuna chakula kilichobaki. Nikamjibu, "Hapa si hotelini."

Hakusema kitu. Tangu siku hiyo nilimpakulia kama kawaida, lakini alikula tonge mbili tatu, akasema ameshiba, akaosha sahani na kuingia chumbani. Mume wangu alidhani kijana anaumwa. Mimi nilijua ugonjwa wenyewe, nikanyamaza.

Kisha mama akaja kututembelea. Mama hulima mpunga kule Mwea, na hajui kutembea mikono mitupu. Alishuka matatu na mfuko wa pishori. Lakini ulikuwa mwisho wa mwezi, nasi tulikuwa watu sita na nusu kilo ya steki. Wewe ungefanyaje? Mgeni ni mama mzazi, na nyama ukiigawa vipande vya kawaida, kila mtu anapata viwili na aibu. Nikawaza kuongeza maji na viazi iwe mchuzi.

"Dada," akasema mdogo wangu kutoka mlangoni, "niachie jikoni leo."

Alichokipika ni bakuli la wali kwa mtindo wa Kikorea. Aliniambia kwamba wenyewe wana chakula kiitwacho bibimbap, maana yake wali wa kuchanganya, na mji wa Jeonju ndio unaosifika kwacho. Nyama wanayo ya namna yake, bulgogi, yaani nyama ya moto. Yeye aliviunganisha viwili hivyo.

Sikiliza jinsi alivyofanya, nawe ujaribu. Kwanza aliiweka steki kwenye friza kwa nusu saa hadi ikakakamaa kidogo, ndipo kisu kikaweza kuikata nyembamba kama karatasi. Aliikata kwa kukingama na nyuzi zake, si kwa kuzifuata, ili isiwe ngumu mdomoni. Akaichanganya na vijiko vinne vya sosi ya soya, viwili vya sukari, punje tano za kitunguu saumu zilizopondwa, majani ya kitunguu na kijiko kimoja cha mafuta ya simsim. Wakorea huongeza tunda la pea lililokwaruzwa ili kulainisha nyama. Sisi tulikuwa na papai bichi, lile lile ambalo wapishi wa Pwani hutia kwenye mishkaki. Akatia kijiko kimoja tu, akaacha kwa dakika 30. Ukizidisha, nyama hugeuka uji.

Mboga hazikupikwa pamoja, na hapo ndipo penye siri. Karoti alizikata kama njiti za kiberiti, akazikaanga dakika mbili. Spinachi aliichovya katika maji ya moto, akaikamua, akaitia chumvi na simsim. Uyoga aliukaanga peke yake. Matango aliyaacha mabichi. Ndengu nilizokuwa nimeloweka juzi yake na kuzisahau zilikuwa zimeanza kuchipua, naye akafurahi kama aliyeokota pesa. Akazichemsha kidogo tu. Pishori aliipika kwa maji mengi kuliko tulivyozoea ili ishikane, kwa kuwa wali wa Kikorea hunata.

Nyama ilikuwa ya mwisho. Karai liliwaka hadi likatoa moshi, akaikaanga kidogo kidogo, dakika mbili kila mara. Ukiimwaga yote pamoja itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Kila bakuli likapata wali chini, mboga zikapangwa pembeni rangi kwa rangi, nyama katikati, na yai la kukaanga juu. Kwa kuwa hatukuwa na gochujang, rojo lao la pilipili na soya iliyochachishwa, aliponda pilipili nyekundu kwa sukari na siki kidogo.

Mama alilitazama bakuli lake. Alipoambiwa avuruge yote, akashtuka. "Mwanangu, kitu kizuri hivi unataka nikiharibu?" Lakini alivuruga, akala, akamaliza. Nusu kilo ile ilitutosha sote, na hakuna aliyehesabu vipande vya mwenzake, maana nyama ilikuwa katika kila kijiko.

"Na huko," mama akauliza, "nani alikuwa akikupikia?"

"Mwenye nyumba wangu, mama mmoja mzee," akajibu. "Tukikutana hakuniuliza habari. Aliniuliza kama nimekula wali. Kwao neno bap ni wali na pia ni chakula chochote. Wazee wale waliionja njaa wakati wa vita vya 1950 hadi 1953 na miaka iliyofuata, kwa hivyo swali hilo ndilo salamu. Nikisema sijala, ananivuta jikoni kwake."

Hakunitazama alipokuwa akisema. Hakuhitaji. Mwanamke asiye wa damu yake, asiyejua hata kijiji chetu kiko wapi, alimuuliza mdogo wangu kama amekula. Mimi dada yake nilimuuliza kama anadhani hapa ni hotelini.

Usiku, tulipokuwa tukiosha vyombo, nilimwambia, "Nisamehe kwa neno lile." Alikaa kimya kidogo, kisha akanirudishia bakuli nililokuwa nimeliosha. "Dada, hili bado lina mafuta." Tukacheka hadi mama akauliza kuna nini.

Kazi bado anaitafuta. Bajeti yetu haijanenepa. Lakini siku hizi akiingia jioni, hata kama jikoni kuna ugali na sukuma wiki, mimi humuuliza, "Umekula wali?" Naye huketi, akala akashiba.

Nawe, msomaji wangu, ukilijaribu bakuli hili, lipike. Lakini kabla ya kuwasha jiko, mtazame yule anayekula kidogo nyumbani mwako. Huenda hajashiba. Huenda alisikia neno.