Uzi wa Wiki Sita

Boti ilitushusha Mkoani, na kabla hatujafika Chake Chake nilikuwa nimeshaelewa kwa nini Waarabu waliiita Pemba Kisiwa cha Kijani: mikarafuu vilimani, mpunga mabondeni. Ukiingia Micheweni mambo hubadilika. Ardhi ni maweni na vichaka, na riziki ya wengi imehamia baharini.

Mimi ni mkemia. Kilichonipeleka Pemba kwa mara ya kwanza ni mwani, maana natafuta vifungashio vinavyooza. Ndani ya mwani mwekundu mna polima iitwayo karajinani: unauchemsha mwani, unachuja, unatia gliserini kidogo ili utando usipasuke ukikauka, unamimina kwenye sahani, baadaye unaubandua, mwangavu. Mwani aina ya spinosamu hutoa jeli laini, ule wa kotonii hutoa ngumu na bei yake ni nzuri zaidi, ila hauvumilii bahari ikipata joto. Kilimo hiki kilianzia pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba, na wakulima wengi ni wanawake.

Kiuyu tuliteremka wakati wa bamvua, maji yamekupwa mbali. Kamba zimevutwa baina ya vigingi, na kila tawi limefungwa kwa taitai, kiuzi cha plastiki. Zinazokatika wakati wa kuvuna hubaki mchangani. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, lakini taitai si mfuko.

Bibi mmoja, baada ya kuniitikia shikamoo, aliuchukua utando wangu, niliotaka ushike nafasi ya taitai, akauchovya majini, akausugua kwa kidole gumba. Ukavimba, ukawa ute.

“Huu hautufikishi kuvuna, mwanangu.”

Kweli. Karajinani imejaa salfeti, na salfeti hupenda maji. Sifa hiyohiyo inayoufanya utando uoze upesi ndiyo inayoukataza kazi ya baharini. Mwani hukaa majini kama wiki sita. Usumba wa nazi ungeweza: una lignini nyingi, na wenyeji hufukia makumbi kwenye matope ya pwani miezi kadhaa kabla ya kuyaponda, wala hayaozi ovyo. Nikamuuliza mbona hawautumii.

“Nani atakaa kuusokota? Taitai tunanunua dukani. Wewe tuletee uzi wako, ukae mpaka tuvune, ila usituuzie ghali.”

Wiki sita naziweza maabarani. Bei ndiyo tuliyobishania mpaka maji yakaanza kujaa.