Ghuba ya Manda na Mama Zetu wa Kale

Atokaye Amu kwenda Pate hupita Mkanda maji yakiwa yamejaa, kisha chombo hutokea katika Ghuba ya Manda. Kulia pana magofu ya mji wa Manda, uliokuwa ukifanya biashara na Ghuba ya Uajemi tangu karne ya 9. Mbele ni kisiwa cha Pate, na katika pembe yake ya kusini-mashariki umelala mji wa Shanga, ulioachwa na watu wake katika karne ya 15.

Huko Shanga, katika miaka ya 1980, wataalamu wakiongozwa na Mark Horton walichimba chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa. Wakakuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine. Wa chini kabisa ulikuwa mdogo, wa miti, wa karne ya 8. Nyumba zilizouzunguka zilikuwa za miti na udongo, na vyungu vingi vilifinyangwa papa hapa pwani. Uislamu, basi, uliingia katika kijiji kilichokuwa na wenyewe.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa mifupa ya Waswahili wa kale, wakiwemo waliozikwa Manda na Mtwapa. Kwa upande wa baba, wengi walikuwa na asili ya Uajemi. Kwa upande wa mama, karibu wote walikuwa na asili ya Afrika. Mabaharia walikuja, wakaozwa, wakakaa kwa wake zao. Hata leo desturi ya Amu haijaisahau njia hiyo: binti anapoolewa hupewa nyumba na wazazi wake.

Lakini nasaba tuwasomeazo watoto wetu huanzia ng'ambo ya bahari, na mama hatajwi. Nao Waaweer wa msitu wa Boni, warina asali na wawindaji wa asili, ambao marufuku ya uwindaji ya 1977 iliwanyima riziki yao, bado wapo wanaowadharau, ilhali wengi wao ni Waislamu wenzetu.

Utukufu ni wa ucha Mungu, si wa nasaba. Tuwafundishe watoto wetu pande zote mbili, na jirani wa msituni tumpe heshima ya mwenyeji. Wabillahi tawfiq.