Kiwambo ni Mjumbe Tu

Leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu tuzungumzie kiwambo, yaani ile skrini inayokaa juu ya meza sebuleni. Hakuna sehemu ya tarakilishi (wengine husema kompyuta, wengine ngamizi, mimi sina ugomvi na yeyote) inayosingiziwa kama hii. Picha ikipotea, mwenye nyumba husema mashine imekufa. Fundi naye, akiwa na haraka au akiwa na mashine nyingine ya kuuza, huitikia amina.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Skrini ni mjumbe. Inaonyesha kile ilichotumiwa, na kinachotumwa hupitia njia ndefu: bodi kuu, kumbukumbu (RAM), kadi ya picha, soketi, waya, soketi nyingine, ndipo kioo. Kioo kikiwa cheusi, umejua jambo moja tu, kwamba mahali fulani katika njia hiyo pamekatika. Bado hujajua ni wapi.

Nitawapa mfano wa majuzi. Huko Uthiru kuna mwalimu mstaafu ambaye ni mweka hazina wa chama cha kina mama 25. Hesabu zote za chama ziko katika tarakilishi yake ya mezani, zile zinazoletwa kutoka Uingereza zikiwa zimeshatumika. Humo mna miaka saba ya michango, mikopo, faini za kuchelewa, nambari za simu na za vitambulisho. Nakala ilikuwa moja tu, hiyo hiyo. Na mgao wa mwisho wa mwaka ulikuwa Jumapili.

Shida ilianza kwa picha kugeuka njano na herufi kuvimba. Mwalimu akavumilia wiki mbili, kisha akapanda matatu kwenda katikati ya jiji akiwa na sanduku mapajani (lile ambalo Wakenya wengi huliita CPU). Skrini na waya vikabaki nyumbani. Fundi akaunganisha sanduku na skrini yake mwenyewe, akawasha, na safari hii hapakuwa na picha kabisa, hata hiyo ya njano. Akatoa hukumu: bodi imeungua. Angempa mashine nyingine kwa shilingi 11,500, na hii mbovu angebaki nayo, ampunguzie 1,500.

"Mwanangu, haraka haraka haina baraka," Mwalimu aliniambia Alhamisi jioni. "Nimerudi nalo."

Tusimame hapo kidogo. Laiti angekubali, diski kuu ingebaki dukani pamoja na sanduku. Hesabu za wanawake 25 zingekuwa mikononi mwa mtu wasiyemjua, na wao wenyewe wangebaki kubishana nani alikopa nini. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria, nambari ya kitambulisho cha mwenzako ni amana. Kwa hiyo ukikumbuka jambo moja tu katika makala haya, likumbuke hili: usiuze wala kubadilishana mashine ikiwa na diski yake ndani, hata ukiambiwa imekufa. Diski haijui kama skrini ni nyeusi.

Ndiyo maana sikuanza na picha. Nilichomoa waya wa umeme, nikafungua ubavu wa sanduku, nikatoa diski na kuiunganisha na tarakilishi yangu ya mapajani kwa kile kiwaya cha kutoka SATA kwenda USB. Faili zote za chama zilikuwepo. Nikazinakili kwenye flashi mbili, moja ya Mwalimu na moja ya katibu. Kuanzia hapo, hata kama bodi ingekuwa imeungua kweli, chama kilikuwa hai.

Kisha nikawasha sanduku nikatega sikio. Feni ikazunguka, halafu tii, tii, tii, bila kukoma. Mwalimu akasema hata mjini lililia hivyo. Sasa, hiki ndicho kitu ambacho watu wengi hawajui: kabla ya kutuma picha yoyote, bodi hujikagua yenyewe. Ikikuta kasoro na haina skrini ya kusemea, hulia. Maana ya milio hutegemea mtengenezaji (nyingine hutumia taa badala ya sauti), lakini kwenye mashine nyingi za zamani mlio unaorudiwarudiwa huwa unalalamikia kumbukumbu. Na bodi inayolia si maiti. Maiti halii.

Vibao vya kumbukumbu vilikuwa viwili. Nikachomoa tena umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, nikagusa chuma cha sanduku kutoa umeme tuli mwilini. Nikavitoa vibao, nikasugua meno yao ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, nikapuliza vumbi katika nafasi zao, nikarudisha kimoja mpaka kikalia "ka!" pande zote mbili. Nikawasha. Mlio mmoja mfupi, na picha hiyooo! Nikazima, nikarudisha cha pili, bado picha ipo. Sanduku lilikuwa limerushwarushwa njiani kutoka Uthiru hadi mjini, na kibao kilicholegea kinatosha kuzima kila kitu.

Mwalimu akachungulia. "Ehe, hiyo ndiyo njano yangu."

Kumbe zilikuwa hitilafu mbili, ya pili imezaliwa katika safari ya kutibu ya kwanza. Sasa tuirudie hiyo ya kwanza.

Nikabonyeza kitufe cha menyu kilicho kwenye skrini yenyewe. Menyu ikatokea, na nyeupe yake ilikuwa nyeupe kabisa, ikielea juu ya picha ya njano. Jaribio hili halina gharama na linasema mengi. Menyu hutengenezwa ndani ya skrini, kwa hiyo ikiwa na rangi sahihi, kioo ni kizima. Kasoro iko nyuma yake.

Skrini ya Mwalimu hutumia soketi ya VGA, ambayo IBM waliileta mwaka 1987. Ina pini 15 katika safu tatu. Pini ya 1 hubeba nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 buluu. Ikikatika buluu, nyekundu na kijani hubaki peke yao, na mwanga wa rangi hizo mbili ukichanganyika ni njano. Ikikatika kijani, weupe hugeuka waridi iliyokolea. Ikikatika nyekundu, unapata rangi ya bahari. Yaani rangi ya picha inakutajia pini!

Na herufi kuvimba je? Pini za 12 na 15 hutumiwa na skrini kujitambulisha: mimi ni fulani, kipimo changu ni hiki. Kadi ya utambulisho huo inaitwa EDID, kanuni ya mwaka 1994. Pini hizo zikikatika, tarakilishi haimjui mgeni wake, hivyo hutumia kipimo kidogo cha tahadhari kama 1024 kwa 768, na kila kitu huvimba na kutanuka. Dalili mbili, chanzo kimoja. Meza ilikuwa imesukumwa ukutani, na waya umepindwa shingoni mpaka ganda likapasuka. (Ukichungulia ncha ya waya ukakosa pini ya 9, usishtuke, nyaya nyingi hutengenezwa bila hiyo.)

Ijumaa nilipita Luthuli Avenue, ile barabara ya vifaa vya umeme iliyopewa jina la Albert Luthuli, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1960. Waya mpya ulinigharimu shilingi 300. Nyeupe ikarudi kuwa nyeupe, na Jumapili mgao ukasomwa.

Kwenu ninyi ambao dalili zenu ni tofauti, jaribuni haya kabla ya kumwita fundi:

Skrini ni nyeusi lakini taa yake inawaka? Zima taa za chumba, imulike kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, mwanga wa nyuma ndio uliokufa, sanduku halina hatia.

Inaandika hakuna mawimbi? Tazama nyuma ya sanduku. Kama kuna soketi za picha mahali pawili, waya unatakiwa uwe kwenye kadi ya picha, si kwenye bodi.

Picha imepotea ukiwa ndani ya Windows 10 au 11? Bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Hiyo huamsha upya kiendeshi cha picha.

Ni Linux, na giza linaingia baada ya kuwaka? Ongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kuanzishia, uingie kwa picha ya kawaida, kisha urekebishe kiendeshi.

Simlaumu kila fundi. Wapo mafundi jijini walionifundisha mambo ambayo chuo kikuu hakikunifundisha katika miaka minne ya shahada. Lakini fundi mzuri hukubali kuulizwa "nionyeshe". Nionyeshe bodi ikigoma na kumbukumbu nyingine. Nionyeshe skrini yangu ikigoma na waya mwingine. Asiyeonyesha anakisia, na makisio yake yanalipwa na mfuko wako.

Kwa hiyo ukibeba sanduku kwenda mjini, beba na waya wake. Lakini kabla hujalibeba, toa nakala ya vilivyomo. Haya, kazi njema.