Wedge Hakukimbia

Mashabiki wa Star Wars wakianza kubishana hosteli, utasikia Luke, Vader, Han Solo. Wedge Antilles hatajwi. Ni rubani tu wa waasi, kachezwa na Denis Lawson, na kwenye filamu ya kwanza ya 1977 maneno yake yanahesabika.

Wakati wa kuishambulia Death Star, yuko nyuma akimlinda Luke. Ndege yake inapigwa. Luke anamwambia aondoke, hawezi kusaidia tena. Anaondoka. Muda mfupi baadaye Luke anafyatua, na sifa zinakuwa za Luke.

Namkumbuka Wedge kwa sababu mwenzangu wa rumu ameahirisha mwaka. Mama yake anaumwa na hakuna mwingine wa kumuuguza. Huku korido wanasema, "Jamaa kakimbia sapu." Inaniuma, maana sapu hana hata moja.

Sasa mtazameni Wedge baadaye. Filamu ya 1980, yeye na mwenzake wanalifunga lile lidude la AT-AT miguu kwa kebo mpaka linaanguka. Ya 1983, ndiye kiongozi wa kikosi chekundu, anaingia ndani ya Death Star ya pili na kutoka mzima. Angeng'ang'ania siku ile ya kwanza, wangempata wapi?

Sisi ni walimu watarajiwa. Darasani kwetu watakuwepo watakaoondoka katikati ya mwaka. Tukishawaita waoga, watarudije? Mwenzangu namwekea notsi zote. Akirudi, mpisheni kiti, maswali baadaye.